Bustani za Kijapani: Uzuri Utokao Mikononi

Neno "bustani" limetufikia sisi watu wa visiwani kutoka kwa Waajemi, kwa njia ya Waarabu, na asili ya maana yake ni mahali pa harufu nzuri. Nasi hatukulipokea neno tupu. Tulilipokea pamoja na maana yake. Kwetu bustani hupimwa kwa pua kabla ya kupimwa kwa jicho. Asumini, kilua, mrehani na mkadi ndivyo vimfanyavyo mpita njia asimame kando ya ukuta wa jirani na kuvuta pumzi. Aliyezoea kipimo hicho, akiingizwa ghafla katika mojawapo ya bustani mashuhuri za Japani, huenda akatazama huku na huku akauliza: je, bustani yenyewe iko wapi? Maua ni machache na harufu ni haba. Mbele yake pana mawe, maji, misonobari iliyopinda, na changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki.

Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu mwenye kipimo chake, akutanaye na kipimo cha wengine. Makala haya yanakusudia kulijibu, kwani ndani ya jibu lake mna funzo kwa kila aliyekabidhiwa kitu kizuri akitunze, awe ni mwananchi mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba yake, au ofisa mwenye mji mzima chini ya sahihi yake.

MAWE KUMI NA MATANO

Tuanzie Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, katika hekalu liitwalo Ryoan-ji. Mgeni afikapo hapo huvua viatu, akapita ndani, akaketi juu ya baraza ya mbao. Mbele ya baraza hiyo pana uwanja wa mstatili, urefu wake kama mita 25 na upana wake kama mita 10, uliotandazwa changarawe nyeupe. Juu ya changarawe yamewekwa mawe 15 katika mafungu matano. Ndani ya uwanja huo hamna mti hata mmoja, hamna ua wala hamna maji. Kijani kilichomo ni kuvumwani tu, yaani ule mmea mfupi mfano wa zulia uotao penye unyevu, uliozunguka nyayo za mawe. Uwanja umezungushiwa ukuta mfupi wa udongo uliochanganywa na mafuta, na kwa kupita miaka mafuta hayo yamejipenyeza nje, yakauchora ukuta kwa rangi ambazo hakuna mpaka rangi awezaye kuzipaka.

Mawe hayo yamepangwa kwa namna ambayo, popote uketipo barazani, walau jiwe moja hufichika nyuma ya mengine. Ukisogea ili ulione lile, hulikosa jingine. Wako wasemao kwamba mawe ni visiwa katika bahari. Wako wasemao kuwa ni vilele vya milima vinavyochomoza juu ya mawingu. Na wako waonao chui milia akivuka mto pamoja na watoto wake. Aliyeupanga uwanja huo hakuacha maelezo, na huenda kutoacha maelezo nako kulikuwa sehemu ya kazi yake.

Wajapani wana neno kwa ile nafasi iliyoachwa wazi baina ya kitu na kitu: huiita "ma". Kwao nafasi hiyo si upungufu, bali ni kitu kamili. Jambo hili lisitupe taabu kulielewa. Kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu anajua kwamba kituo nacho ni sehemu ya kisomo, na kwamba msomaji asiyejua pa kunyamaza huharibu hata kile alichokitamka vyema. Basi bustani ya Ryoan-ji ni kisomo chenye vituo virefu.

Ustadi huo haukuzuka siku moja. Katika karne ya 11 kiliandikwa Japani kitabu kiitwacho Sakuteiki, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kale kabisa duniani kuhusu kutengeneza bustani. Kitabu hicho humfunza fundi aweke kwanza jiwe lililo kubwa, kisha ayaweke mengine kwa kufuata lile la kwanza linavyoomba. Tazama, ndugu msomaji, adabu iliyomo humo: mtu mwenye nguvu za kuling'oa jiwe mlimani na kuliburura hadi mjini anatakiwa, akishafika nalo, alisikilize.

BAHARI ILIYOFICHWA

Tusidhani kwamba bustani zote za Kijapani ni kavu kama hiyo. Zimo zile kubwa za kutembelea, zilizojengwa na mabwana wa majimbo, zenye maziwa, visiwa, madaraja na vilima; na zimo zile ndogo ziongozazo wageni hadi kwenye kibanda cha kunywea chai. Lakini sisi tuliozaliwa tukiisikia bahari usiku kucha yatupasa tuangalie hasa jinsi watu hao, ambao nao ni watu wa visiwa, walivyoiingiza bahari katika bustani zao.

Katika mji wa Tokyo, kando ya ghuba, iko bustani ya Hama-rikyu, iliyokuwa milki ya ukoo wa Tokugawa, watawala wa Japani kuanzia mwaka 1603 hadi 1867. Ziwa lililo kati ya bustani hiyo si la maji ya mvua wala ya mto. Ni maji ya bahari. Malango ya maji hufunguliwa na kufungwa kwa kufuata kujaa na kupwa, hata sura ya bustani ikawa haikai vile vile tangu asubuhi hadi jioni. Saa hii mawe ya ukingoni yako wazi, na saa nyingine yamezama. Samaki wa baharini, mkizi akiwa mmojawapo, huingia wakaogelea chini ya madaraja. Fundi wa ziwa hilo hakutaka kuishinda bahari, aliifungulia mlango.

Mwingine alifanya kinyume. Sen no Rikyu, mwalimu mkuu wa sanaa ya chai aliyefariki mwaka 1591, husimuliwa kwamba alipata kutengeneza bustani mahali palipoelekea baharini, naye akapanda miti iliyoiziba bahari yote. Wageni walishangaa na kunung'unika. Lakini kabla ya kuingia katika kibanda cha chai ilikuwa lazima mgeni ainame penye birika la jiwe lililokaa chini, anawe mikono na kusukutua. Hapo alipoinama, maji yakiwa kiganjani mwake, ndipo bahari ilipomtokea ghafla katika uwazi mdogo baina ya miti. Maji machache ya mkononi na maji yasiyo na mwisho ya baharini yakakutana katika mtazamo mmoja. Rikyu hakuwanyima wageni wake bahari. Aliwarudishia macho ya kuionea.

Na kisiwani Okinawa, katika mji wa Naha, iko bustani ya Shikina-en, iliyojengwa mwaka 1799 na wafalme wa Ryukyu ili kuwapokea wajumbe kutoka Uchina. Ndani yake pana mahali palipoinuka, patazamapo mbali sana upande wa bara ya kisiwa, na kutoka hapo bahari haionekani kabisa. Husemwa kwamba shabaha ilikuwa mjumbe wa dola kubwa asitambue jinsi nchi ya wenyeji wake ilivyo ndogo. Waama, bustani nayo yaweza kuwa balozi, na watu wa kisiwa kidogo waweza kusimama mbele ya mkubwa bila ya kupaza sauti.

KAZI ISIYOONEKANA

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Mgeni atembeaye katika bustani hizi hutoka akisema, "Lo, maumbile yalivyo mazuri!" Kauli hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa awezayo kupewa mtunza bustani, nayo pia ndiyo dhuluma kubwa afanyiwayo. Kwani karibu kila akionacho mgeni huyo kimepitiwa na mkono wa mtu.

Chukua mfano wa msonobari. Majira ya kuchipua, machipukizi yake hukatwa kwa vidole, moja moja, ili mti usikimbilie juu ukasahau umbo lake. Majira ya kupukutisha, majani ya zamani, ambayo ni mfano wa sindano, hung'olewa kwa mkono ili mwanga na upepo vipite kati ya matawi. Katika bustani ya Ritsurin, mjini Takamatsu, iko misonobari ipatayo 1,400, na kama 1,000 katika hiyo hutunzwa kwa mikono namna hii. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, ni vidole vingapi, ni ngazi ngapi, ni asubuhi ngapi za baridi. Mti uonekanao kuwa umepindwa na upepo wa pwani kwa miaka mia mbili, upepo wake mara nyingi ni babu, kisha baba, kisha mwana, wakipokezana mkasi mmoja.

Katika mji wa Kanazawa iko bustani ya Kenroku-en, kazi ya ukoo wa Maeda. Jina lake maana yake ni bustani yenye mambo sita kwa pamoja: upana na faragha, ufundi wa mtu na ukale, wingi wa maji na mandhari ya mbali. Yatazame vizuri mambo hayo. Kila jozi inagombana. Palipo wazi sana faragha hukosekana. Palipo na ufundi mwingi ukale hupotea. Palipo na maji, ambayo hukaa mabondeni, ni shida kupata mahali pa kutazamia mbali. Kuyapatanisha ndiko kulikoipa bustani hiyo jina.

Theluji ya Kanazawa ni nzito yenye maji, na ikiangukia matawi huyavunja. Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Novemba, watunza bustani husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari, na kutoka kileleni mwa kila nguzo huteremsha kamba nyingi hadi kwenye matawi, kila tawi na kamba yake. Mtu wa pwani akiona umbo hilo kwa mbali atakumbuka mlingoti wa jahazi na kamba zake. Majira ya baridi yakipita kamba zote hufunguliwa, na mwaka ufuatao kazi huanza upya. Hakuna asemaye kwamba ilikwisha fanywa mwaka jana. Na jambo la ajabu ni kwamba watu wengi husafiri kwenda kuzitazama kamba zenyewe, maana chombo cha kulindia uzuri nacho kimekuwa uzuri.

Lakini tusiseme kwamba kila uzuri huletwa na mkono. Katika hekalu la Saihoji, huko huko Kyoto, bustani iliyotengenezwa na mtawa Muso Soseki mwaka 1339 ilipata kukosa matunzo kwa muda mrefu, na katika ukiwa huo kuvumwani ikatanda juu ya ardhi yote. Leo kuvumwani hiyo, inayohesabiwa kuwa ya aina zipatazo 120, ndiyo fahari ya hekalu. Muso hakuipanda. Waliomfuata walikuwa na hekima ya kutambua kwamba maumbile yameleta kitu kizuri kuliko kile kilichopotea, wakaacha kukifagilia mbali. Tangu hapo wamekilinda kwa bidii. Umati wa watalii ulipozidi na nyayo zao zikaanza kuleta madhara, hekalu liliamua mwaka 1977 kutopokea tena wageni ila wale walioomba ruhusa kabla. Fedha za kiingilio zingekuwa nyingi zaidi kama lango lingeachwa wazi. Walichagua kuvumwani.

MLIMA WA KUAZIMA

Kuna hila moja ya mafundi hawa ambayo maofisa wetu wa mipango ya miji wataipenda. Fundi mwenye kiwanja kidogo hutazama ng'ambo ya ukuta, na akiona mlima mzuri huupangia bustani yake iuelekee, kiasi cha mlima kuonekana kama sehemu ya bustani. Njia hii huitwa "shakkei", yaani mandhari ya kuazima. Katika hekalu la Entsu-ji, kaskazini mwa Kyoto, mgeni aketiye ndani huona kwanza kuvumwani na mawe, kisha ua wa miti uliokatwa sawasawa, kisha mashina marefu yaliyosimama kama nguzo, na kati ya nguzo hizo, mbali kabisa, mlima Hiei. Ukiondoa mlima huo, kinachobaki ni uwanja mdogo wenye mawe.

Na hapo ndipo penye hatari. Wazee wetu walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri, kwa kuwa mwenyewe aweza kuja kuichukua wakati wowote. Mlima haumilikiwi na hekalu, wala anga iliyo katikati haimilikiwi na hekalu. Mtu akijenga jumba la ghorofa nyingi katika kiwanja chake halali, bila kugusa hata jiwe moja la bustani, bustani imekwisha kufa.

Kwa sababu hiyo halmashauri ya mji wa Kyoto ilitunga mwaka 2007 sheria kali za mandhari. Katikati ya mji, kikomo cha juu cha urefu wa majengo kilishushwa kutoka mita 45 hadi mita 31. Matangazo ya biashara juu ya mapaa yalipigwa marufuku mji mzima. Zilitajwa sehemu 38 ambazo mtazamo wake ulistahili kulindwa, na mandhari za kuazima za bustani zilikuwamo. Sheria hizo hazikupita bila ya manung'uniko. Wenye viwanja walihofia thamani ya mali zao. Na katika miaka iliyofuata ikaonekana kwamba vijana wenye familia wanauhama mji kwa uhaba wa nyumba na ofisi. Mwaka 2023 mji ulilegeza vikomo hivyo katika baadhi ya maeneo. Hatulitaji jambo hilo ili kuulaumu mji wa Kyoto. Twalitaja ili ionekane kwamba uzuri una gharama, na kwamba kiongozi mwaminifu huitaja gharama hiyo hadharani, akaipima mbele ya watu, badala ya kuiacha ilipwe kimya kimya na wale wasio na sauti.

Tokyo ilifuata njia nyingine. Leo, nyuma ya misonobari ya Hama-rikyu, yamesimama majumba marefu ya vioo ya mtaa wa Shiodome. Wengine husema kwamba bustani imeharibiwa. Wengine husema kwamba kukutana kwa kale na kipya kuna mvuto wake. Kila mtu na jicho lake. Lakini hakuna awezaye kurudi tena barazani akachagua, kwa maana vioo vikishasimama havihami.

MALI NA DAFTARI

Tusisahau pia kwamba bustani nyingi kati ya hizi hazikujengwa kwa ajili ya watu wote. Mabwana wa majimbo waliishi kwa kodi ya mpunga uliolimwa na wakulima, na jasho la mkulima huyo limo ndani ya kila ziwa na kila kilima, ijapokuwa yeye hakuruhusiwa kupita langoni. Walikuwapo wachache waliofikiri vingine: Tokugawa Nariaki, bwana wa Mito, alifungua mwaka 1842 bustani ya Kairaku-en, ambayo jina lake lina maana ya kufurahi pamoja na watu. Lakini aghalabu milango ilifunguka baada ya utawala wa mabwana kuanguka. Kenroku-en ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1874, Ritsurin mwaka 1875, Koraku-en ya mjini Okayama mwaka 1884, na Hama-rikyu mwaka 1946. Kilichokuwa starehe ya mmoja kikawa amana ya wengi. Nao wengi hao walithibitisha kwamba waweza kukitunza kuliko yule mmoja.

Koraku-en ilikumbwa na mafuriko mwaka 1934, na mwaka 1945 ikaharibiwa kwa mabomu ya vita. Ilirudishwa kama ilivyokuwa, kwa kuwa michoro na ramani zake za zama za mabwana zilikuwa zimehifadhiwa, hata mafundi wakajua kila kitu kilikaa wapi. Shikina-en ya Okinawa iliteketezwa katika mapigano ya mwaka huo huo wa 1945. Kazi ya kuirejesha ilianza mwaka 1975 ikachukua takriban miaka ishirini, na mwaka 2000 bustani hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na majengo mengine ya kifalme ya Ryukyu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu hawa walikuwa na daftari.

Alhasili, jibu la swali tuliloanza nalo ni hili. Bustani iko pale pale mgeni alipokuwa akitazama, ila yeye alikuwa akitafuta kitu kilichoongezwa, ilhali uzuri wa pale umetokana na vitu vilivyoachwa, vilivyoazimwa na vilivyotunzwa. Atakaye kuionja bustani ya Kijapani asiende mbio na wala asihesabu maua. Akae. Atazame jiwe moja mpaka alizoee. Ajiulize ni kitu gani kimefichwa, na ni kwa nini njia imepinda mahali pale. Kisha aitazame mikono ya yule mzee aliyeinama chini ya msonobari na mkasi wake, ambaye hakuna mtalii ampigaye picha.

Na sisi tulio katika ofisi tujipime kwa mzee huyo. Kufungua kitu kipya ni kazi ya asubuhi moja: utepe hukatwa, hotuba husomwa, makofi hupigwa. Kukitunza ni kazi ya kila siku, wala haina utepe. Yule mzee wa Kanazawa anajua kwamba kamba anazozifunga leo zitafunguliwa, na kwamba mwezi wa Novemba utakapoandama tena atapanda ngazi ile ile. Hangoji theluji ianguke ndipo aanze kutafuta kamba.